Ile R ya Mama Ariane

Ukiingia mtaa wa Niboye ukauliza Pudentienne Mukandekezi anakaa wapi, watu watakukodolea macho. Uliza Mama Ariane, na hata mtoto anayejifunza kusimama atakunyooshea kidole kuelekea duka lenye mlango wa buluu, pale panapouzwa sabuni ya kipande, mayai, na mandazi ya jana kwa nusu bei.

Kiswahili chake ni kile alichokulia Bujumbura, jirani na Buyenzi, ambako wazazi wake walikimbilia na ambako mama yake aliuza dagaa. Siku za kawaida anakisema vizuri. Lakini moyo ukimjaa, iwe kwa furaha au kwa uchungu, L zote humtoroka na R huingia mahali pake. Kulala inakuwa kurara, mlango unakuwa mrango. Mtaa mzima unalijua hilo, na asubuhi wapita njia humchokoza:

"Mama Ariane, umerara vizuri?"

"Nirirara mapema," naye hujibu, "nikaota nyinyi wote mmepata akiri. Nikashtuka, nikajua ni ndoto."

Hata akiandika, R ile humfuata. Darasa la sita alilimaliza, mwandiko wake ni wa duara na unasomeka, ila neno likiwa zito mkono huandika kama ulimi unavyosema.

Kazi yake ya kuombea watu ilianza bila yeye kuitafuta. Ilikuwa msimu wa mvua, miaka minane iliyopita, pale Sonatubes, kwenye kijiwe cha motari, wale vijana wa pikipiki. Msichana mmoja kutoka mlima wa Gahanga, tumbo limeshuka, alikuwa amekaa juu ya jiwe akishika ukuta. Alikuwa ameambiwa kituo cha afya kwamba hatajifungua bila upasuaji, akatoka nyumbani kwa miguu kutafuta gari, uchungu ukamkuta njiani. Motari walikuwa wanatazama matope. Pudentienne alikuwa amekuja kununua sukari ya duka. Akafungua kitenge chake, akawapa wanawake wawili wakishike kama pazia, kisha akamwendea motari wa kwanza. Hakumwambia "saidia". Alimuuliza:

"Wewe, mama yako alikuzaa wapi?"

Kijana akainua macho kutoka kwenye matope. Halafu akasema, "Njiani."

"Basi nenda kasimame barabarani."

Yule kijana akasimama katikati ya lami, mikono imetanda kama msalaba, mpaka pikapu iliyobeba nyanya ikafunga breki. Dereva alikuwa mtu mzima aitwaye Gatera. Aliteremka akitukana, akamwona msichana, akaanza kushusha nyanya zake mwenyewe kwenye mvua.

Msichana yule aliitwa Christella. Mtoto alizaliwa mzima, na alipobatizwa, Pudentienne ndiye aliyemshika juu ya maji. Kuanzia siku hiyo Christella alimwita Mama, naye akamwita mwanangu.

Siku ile Pudentienne alijifunza jambo ambalo hakuna shule iliyomfundisha: mtu hutoa pale panapomuuma. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Yeye akaanza kuombea vyungu vya wenzake. Aliomba chumba, akapata nyumba ndogo ya vyumba viwili hapo hapo Niboye, ambapo mama wa mlimani aliyeandikiwa upasuaji angekaa wiki mbili za mwisho akingoja siku yake, karibu na barabara. Akaomba vitanda, akaomba unga wa uji. Gatera alijitolea gari. Mwalimu mstaafu, Melchior Kalisa, alikubali jina lake liandikwe kwenye karatasi za serikali kama mwenyekiti.

"Mimi ni mwenye kiti," Melchior alikuwa akisema, "mwenye watu ni yule kule dukani."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Pudentienne hakuwa na cheo, lakini hakuna jambo lililoamuliwa bila yeye, kwa sababu ndiye aliyejua nani alitoa kitu gani na kwa nini. Ziara ya kwanza hakuomba. Alikaa, akauliza habari za watoto, akaondoka. Ya pili pia alikaa tu. Na aliyetoa chandarua alipelekewa mtoto aliyelala ndani yake, amefungwa vizuri mgongoni, amsalimie. "Huyu ndiye mgeni wako," angesema, na mtoto angempa mwenye nyumba mate ya shavuni.

Alikuwa na daftari. Si la pesa, hizo alizishika Melchior. Hili lilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila mtoaji, nalo liliandikwa kwa Kiswahili, lugha aliyomsikia mama yake akiwabembelezea wateja. Humo aliandika yale ambayo mtu humwambia mwenzake mlango ukiwa umerudishwa. Gatera: mwezi wa nne mwache kabisa, usibishe hodi. Mama fulani: usimpelekee mtoto wa kike, atalia. Kila mmoja alimwambia kabla ya kuandika:

"Naandika nisisahau kukuheshimu. Mwingine hatasoma."

Hilo neno lake ndilo lililokuwa shirika lenyewe. Mengine yote yalikuwa vitanda.

Ukurasa mzito kuliko yote ulikuwa wa Ismaël Ilyasi, fundi cherehani. Anashonea barazani, chini ya bati, mzee wa kanzu safi na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Kila mwezi alikata vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini akashona nguo za watoto wachanga, akazifunga furushi moja. Miaka miwili Pudentienne alichukua furushi bila kuuliza. Mwaka wa tatu Ismaël mwenyewe ndiye aliyesema, mguu ukikanyaga cherehani ili mlio ufunike maneno. Binti yake Kaliza alipata mimba akiwa na miaka kumi na mitano. Walimficha chumbani kwa aibu. Uchungu ulipomshika hawakumpeleka hospitali, wakasubiri giza lije, giza likachelewa. Mtoto hakupona. Kaliza sasa ameolewa Huye, mume wake hajui, wakwe hawajui.

"Mficha uchi hazai, Mama Ariane," Ismaël alisema. "Sisi tulificha, akazaliwa, tukamzika usiku huo huo."

Pudentienne alikwenda nyumbani, akaandika akiwa analia: *Kariza. Mtoto ariyerara bira hospitari. Usitaje kamwe.*

Ndipo shirika likakua. Watu wa mbali walisikia, mradi ukaja, na mradi ulitaka mkurugenzi mwenye shahada. Akaajiriwa Régis Iradukunda, kijana mpole, kiatu kinang'aa, Kiingereza kimejaa mdomoni na Kiswahili alichojifunza ukubwani, ofisini. Alimwita Pudentienne "mubyeyi", mzazi, akasimama kila alipoingia. Hakuwa mtu mbaya. Ila tangu wiki ya kwanza aliliulizia daftari.

"Tuliweke kwenye kompyuta, mubyeyi. Mambo ya wafadhili hayakai kwenye karatasi."

"Haya si mambo ya wafadhiri," alimjibu. "Ni mambo ya watu."

Régis akacheka, hakurudia.

Mwezi wa sita Pudentienne akashikwa na ugonjwa wa nyongo, akalazwa apasuliwe. Kabla ya kuondoka alimwita Christella dukani, akamkabidhi funguo, kuku wawili, na daftari limefungwa ndani ya kitambaa.

"Watoaji wasikae wiki mbili bila salamu, mwanangu. Ukitaka kwenda kwa mtu, soma ukurasa wake kwanza, usije ukamkanyaga kidonda. Ukisoma, funga."

"Nitafunga, Mama," Christella alisema, akalishika kwa mikono miwili.

Pudentienne alirudi baada ya siku kumi na mbili, tumbo limefungwa bendeji, binti yake Ariane akimshika mkono. Alitegemea kelele za mtaa. Hakuna aliyemuuliza kama amerara vizuri. Wanawake waliokuwa bombani walijishughulisha na madumu yao. Xavérine, mdomo wa mtaa, yule ambaye hajawahi kumwona mtu akampita bila kumsemesha, aliinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Alimkuta Gatera amekaa mbele ya duka lake, anamngoja. Hakumpa mkono. Alitoa simu mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Soma."

Ulikuwa ujumbe. Ulimtaja mdogo wake Gatera kwa jina, yule marehemu ambaye Gatera humkumbuka kila mwezi wa nne, kisha ukamwomba achangie leo. Chini yake uliandikwa: *Mimi, Mama Ariane.*

"Sikuandika mimi, kaka," alisema. "Nirikuwa kitandani. Nirikuwa na mipira puani."

"Mwanzo wa ujumbe ni Kiswahili cha ofisini," Gatera alisema taratibu. "Mwisho pia. Lakini tazama katikati. *Hajarara vizuri tangu wakati ure.* Hiyo R ya nani, Mama Ariane? Niboye nzima kuna R nyingine kama hiyo?"

Ilikuwa R yake.

"Wewe nilikuambia ndani ya gari, vioo vimefungwa," Gatera akaendelea. "Sasa hivi simu inaniambia na kunitaka nibonyeze nilipe." Akainuka. "Gari nitaendesha, wale mama hawana kosa. Lakini dukani kwako usinione."

"Na wengine?" aliuliza. "Wamepata wote?"

"Ungemuuliza Ismaël. Macho yake hayasomi. Ujumbe ulipoingia alimpa mteja amsomee." Gatera akatazama upande wa bombani. "Mteja mwenyewe Xavérine."

Ariane alisema, "Mama, kaa kwanza." Hakukaa. Alikwenda ofisini vile vile, kanga ya hospitali begani, kila hatua ikimvuta mshono.

Régis alisimama, kama kawaida. "Mubyeyi wetu! Umepona?"

"Nani kaandika kwa jina rangu?"

Hakuona aibu, na hilo ndilo lililomtisha Pudentienne. Aligeuza kompyuta amwonyeshe kwa furaha, kama mtoto anayemwonyesha mama mchoro wake. "Tazama jinsi watu walivyojibu, kwa siku tatu tu! Wewe ndiye kiongozi wetu. Jina lako linafungua milango, sisi wengine tunagonga bure."

"Mirango hiyo nimetoka kuipita. Imefungwa."

"Watazoea. Mubyeyi, daftari uliliandika ukiifanya kazi ya shirika. Ukifa kesho, Mungu apishe mbali, kazi ife nawe?"

"Sijafa."

"Hapana, nasema tu..."

"Hata R zangu hukuziondoa?"

Régis akakunja uso. "R gani?" Na kweli hakujua. Alikuwa amenakili neno kwa neno, Kiswahili chote kwake kilikuwa sawa. Alidhani ndivyo kinavyoandikwa.

Kwenye kioo cha kompyuta kurasa zilipita moja moja, zimepigwa picha, kila moja na doa lake la mafuta ya mandazi. Pudentienne alizijua kama mtu anavyojua viganja vyake. Alipofika mwisho akamwomba Régis arudi mwanzo. Akatazama tena. Picha zilianzia ukurasa wa pili.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Christella. Ndiye aliyekuwa mtoaji wa kwanza kabisa, alitoa mikono yake: aliwasuka nywele bure akina mama waliokuwa wakingoja. Na kabla ya kutoa alisimulia mimba ile aliipataje na kwa nani. Yaliyoandikwa pale hata hapa hayataandikwa.

Christella alikuwa kwenye meza ya dirishani, meza mpya, kadi yenye picha yake ikining'inia shingoni. Hakuwa ameinua uso tangu mama yake aingie.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?" Pudentienne aliuliza.

"Daftari linaanzia hapo," Régis akajibu, akiwa hajui lolote.

Christella alikuwa akikwangua rangi ya kucha kwa kidole gumba.

Basi Christella alijua anachofanya. Kama angepiga picha zote, Pudentienne angesema: mtoto huyu hakuelewa, alidanganywa, alitaka kusaidia. Lakini aliruka mmoja. Mtu hawezi kuruka shimo asiloliona.

"Mama," Christella alisema mwishowe, sauti ndogo. "Miaka minane najitolea. Nina watoto watatu. Walisema nikileta daftari nitakuwa mkuu wa uchangishaji. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba watu hutoa pale panapouma."

"Nirisema hutoa pare," alijibu. "Sikusema tukawachokonoe pare."

Akamgeukia Régis, akamtaka awatumie watu wote ujumbe mwingine, useme kwamba ule wa kwanza haukutoka kwake. Régis alisikitika kweli. Alisema jambo hilo lingelitia doa jina la shirika, na kamati ya shirika ilikwisha kuusaini ule wa kwanza. "Mwalimu Melchior pia?" "Pia." Akanyoosha mkono kulichukua daftari lililokuwa juu ya meza ya Christella, lakini Pudentienne alikuwa amekwisha kulifunga ndani ya kitambaa chake.

Siku iliyofuata alichukua wembe wa dukani, akakata kurasa zote moja moja, taratibu, asiharibu hata kingo. Kisha akaanza kutembea. Hakubeba mtoto wa kusalimia, hakubeba ombi. Alibisha hodi, akatoa ukurasa kwa mikono miwili, akasema: "Hiki ni chako. Niriahidi hakitasomwa, kikasomwa. Sikutuma mimi, rakini nirimpa mtu niriyemwamini mimi. Nisamehe." Wengine walipokea, wakarudi ndani. Mmoja aliuchana mbele ya macho yake. Mama mmoja alimkaribisha chai, naye hakuweza kuimeza. Wapo waliosema, "Tunajua si wewe," huku mlango ukiwa wazi kiasi cha kupitisha karatasi tu.

Siku ya tatu Christella akaja dukani. Alijifanya anataka sabuni.

"Kubwa au ndogo, Madamu?"

Lile neno Madamu lilimpiga Christella kuliko kofi. Hakuwahi kuitwa hivyo mahali pale. "Mama, nasikia unarudishia watu kurasa. Na wangu?"

Pudentienne akaingiza mkono chini ya kaunta. Ulikuwa umekunjwa mara nne. Kwa siku tatu alikuwa ameulalia, na asiseme mtu kwamba hakujaribiwa. Xavérine alipita hapo kila jioni kununua chumvi. Sentensi moja tu ingetosha.

"Shika," alisema. "Huu ndio pekee ambao hakuna aliyeusoma. Wewe uliijua thamani yake."

Christella aliupokea akilia, akaondoka bila sabuni. Mtoto wa ubatizo alikuwa nje, akapunga mkono. Pudentienne akampungia. Mtoto hana daftari.

Ukabaki mmoja. Alikuwa ameuacha mwisho si kwa heshima, bali kwa woga.

Ismaël alikuwa barazani pake, anashona. Alimjua kwa hatua zake, akasema bila kuinua kichwa, "Karibu, Mama Ariane," wala hakusogeza benchi. Pudentienne akasimama juani na ukurasa wake.

"Nimereta chako, mzee wangu."

"Nisomee. Macho hayapo."

"Mzee, usinifanyie hivyo."

"Xavérine alisoma. Na wewe soma."

Akafungua karatasi. Akasoma chini chini: "Kariza. Mtoto... ariye..." Akashindwa.

"Aliyelala," Ismaël alisema. "Sema lala."

"Rara."

"Lala."

Alijaribu. Mungu ni shahidi kwamba alijaribu. Ulimi ukagoma, machozi yakawahi. Ismaël akasimamisha cherehani.

"Kaliza hapokei simu yangu tangu wiki iliyopita," alisema. "Habari husafiri upesi kuliko basi, na Huye si mbali. Najua hukutuma wewe. Mke wangu amesema, Gatera amesema. Lakini nikisikia sauti yako nasikia ule ujumbe. Unanielewa? Sina hasira. Nenda tu."

"Nimekuerewa."

Akageuka. Hatua tatu, akasikia nyuma yake: "Furushi la mwezi huu liko tayari."

Lilikuwa juu ya benchi, limefungwa kwa utepe wa kijani kama siku zote. Akarudi, akanyoosha mikono.

"Hapana," Ismaël akasema kwa upole. "Mwambie mwingine aje kulichukua."

Pale ndipo alipojua kwamba kazi imebaki, ila yeye ameondolewa ndani yake, kama mtoto anavyoshushwa mgongoni. Alikwenda mpaka nyumba ya kungojea. Humo alikuwamo Ingabire, mama wa miaka ishirini kutoka Gahanga, siku zake zimebaki nne. Akamfunga kitenge vizuri chini ya tumbo, wakatembea polepole hadi kwenye kona ya duka la simu.

"Barazani pale, mzee mwenye cherehani. Msalimie kwanza. Usiombe kitu. Akikuuliza nani kakutuma, sema umekuja mwenyewe."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nina mshono. Napumzika hapa."

Kutoka kwenye kona aliona kila kitu lakini hakusikia neno. Alimwona Ismaël akiinuka, yeye ambaye hakumwinukia mteja hata siku moja, akapapasa benchi, akamkalisha Ingabire. Aliona furushi likiwekwa mikononi mwa yule binti na mzee akiurekebisha utepe. Mara moja Ismaël aligeuza uso kuelekea kwenye kona. Kwa macho yale hangeweza kuona zaidi ya rangi ya kanga.

Ingabire alirudi akihema, furushi juu ya tumbo.

"Amesema nini?" Pudentienne aliuliza.

"Kidogo tu. Ameniuliza kama nimelala vizuri."

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema nimelala."

Wakaanza kupanda kilima, binti mbele, yeye nyuma akimshikia kiuno. Njia nzima Pudentienne alilijaribu lile neno kimoyomoyo, mara nyingi, polepole, ulimi ukigusa meno kama Ismaël alivyotamka. Kila mara lilitoka vile vile: rara.